Milimita 18 za Mkate wa Kumimina

Naomba nianze na simu.

Ilikuwa saa saba za usiku hapa Uingereza, na kule Columbus, Ohio, ndiyo kwanza watu wanamaliza chakula cha usiku. Aliyepiga ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza hali, na mimi moyo ukaanza kunidunda, maana simu za saa hizo sote tunazijua huwa zinaleta nini.

"Mjomba," akasema, "ule mkate wa kumimina wa bibi nimeupika mara tatu. Mara zote tatu chini umeungua na juu mbichi. Kwani bibi alikuwa akiupikaje?"

Swali hilo lingekuwa jepesi kama mama yangu angekuwa hai. Mama alifariki mwaka 2016, na mapishi yake yaliyobakia yamo ndani ya kijitabu nilichokipanga mwenyewe kwa kompyuta na kuwapelekea jamaa waliotawanyika Muscat, Dubai, London, Toronto na huko Ohio, kila mtu ajichapishie kwake. Basi nikamwambia mpwa wangu anisomee alichonacho mkononi. Akasoma vizuri tu: mchele uliorowekwa usiku kucha, tui zito, hamira, iliki, sukari, ute wa mayai. Saga, acha uumuke, pasha sufuria, mimina, weka moto mdogo mpaka uone vitobo juu. Hapo akanyamaza.

"Endelea," nikamwambia.

"Imekwisha, mjomba. Hapa ndipo mwisho wa karatasi."

Kwenye nakala yangu mimi haikuwa imekwisha. Ilibakia mistari miwili: "Ukishaona vitobo, utie moto wa juu. Zamani tukipalia makaa juu ya mfuniko. Huko kwenu tumieni oveni, mpaka juu pawe rangi ya dhahabu." Mistari hiyo miwili ilikuwa imeanguka baharini, baina ya karatasi yangu na karatasi yake.

Mimi ni mhandisi. Kazi iliyonilisha kwa miaka thelathini na kitu ni kuhakikisha kwamba kipande kilichotengenezwa mji mmoja kinaingiana na kipande kilichotengenezwa mji mwingine. Na bado nikashindwa kuuingiza mkate wa mama yangu katika karatasi ya Marekani. Kwa aibu hiyo nikaanza kusoma habari za mapishi yaliyoandikwa, na habari za hizo karatasi zenyewe, na nikagundua kuwa historia hizi mbili zimekuwa zikitembea pamoja kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Mwanafunzi akiwa mbali

Mtoto anayekaa juu ya mbuzi akikuna nazi huku mama yake anachambua mchele hana haja ya karatasi. Anaona moto, anasikia harufu, anapigwa kofi la mkono akitia chumvi mapema. Mapishi huandikwa pale anayejua na anayetaka kujua wanapokuwa hawako jiko moja.

Mapishi ya kale kabisa yanayojulikana yameandikwa juu ya vibao vya udongo vya Babeli, vyenye umri wa takriban miaka 3,700, ambavyo leo vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Mfaransa Jean Bottéro ndiye aliyevifasiri katika karne iliyopita. Kibao kimoja kina aina 25 za mchuzi, nyingi zikiwa za nyama. Mwandishi anataja kinachotiwa na kinachofuata, lakini vipimo ni nadra na muda wa kupika hautajwi. Nilipoisoma tafsiri yake nilicheka peke yangu, kwani nilimsikia mama: tia vitunguu, tia thumu, kisha utaona mwenyewe.

Turuke mpaka Baghdad ya karne ya 10. Huko aliishi Ibn Sayyar al-Warraq, mtungaji wa kitabu kikubwa cha mapishi cha Kiarabu kilichotufikia, Kitab al-Tabikh, chenye milango 132. Alikitunga kwa mtu aliyemwomba amkusanyie vyakula vya makhalifa na wakubwa, na akakusanya kutoka kwa waliomtangulia, akiwemo Ibrahim ibn al-Mahdi, mwana wa khalifa aliyejulikana kwa uimbaji na kwa upishi, ambaye alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka mia kabla yake. Na hilo jina lake, al-Warraq, ni jina la kazi: maana yake ni mtu wa karatasi, anayenakili vitabu na kuviuza. Mapishi hayo yaliokolewa na karani, na karani aliweza kuyaokoa kwa sababu Baghdad ilikuwa na viwanda vya karatasi tangu mwishoni mwa karne ya 8. Karatasi ilikuwa rahisi kuliko ngozi, na kilichokuwa rahisi kuandikwa kikaandikwa, hata kama ni mchuzi.

Mwaka 1226 Mbaghdadi mwingine, Muhammad ibn al-Hasan al-Baghdadi, akatunga kitabu kidogo zaidi, na ndani yake vipimo viko wazi. Msomaji wa Kiswahili akivisoma haoni ugeni. Nyama kwa ratili, viungo kwa dirhamu na wakia. Bibi zetu waliopima kwa ratili na wakia sokoni Darajani walikuwa wakitumia maneno yaleyale, ingawa uzito wenyewe ulikuwa umeshabadilika njiani. Ratili ya Baghdad ilikuwa wakia 12. Ya Zanzibar ilikuwa wakia 16, na wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, karibu gramu 28. Nafaka tulipima kwa ujazo: vibaba viwili kisaga kimoja, vibaba vinne pishi moja. Hata hilo neno karatasi tumelipata njia hiyohiyo, na daftari vilevile.

Sura ya mapishi tunayoijua leo ni ya juzijuzi. Mwaka 1845, huko Uingereza, Eliza Acton alitoa kitabu ambamo kila pishi lilifuatwa na orodha ya vitu vyake na vipimo. Mwaka 1861 Isabella Beeton akaipeleka orodha ile juu, kabla ya maelezo. Na mwaka 1896, mjini Boston, Fannie Farmer akasisitiza kijiko na kikombe vikatwe juu kwa kisu ili viwe sawasawa, maana kijiko cha kurundika hakilingani baina ya watu wawili. Wanawake hao watatu waliwaandikia wasomaji ambao wasingewaona kamwe. Ilibidi kila kitu kiwe ndani ya ukurasa.

Mwana wa Seyyid katika jiko la Kijerumani

Kwetu nako kuna aliyeonja mapema tunayoyaonja sisi wa ughaibuni. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifundisha kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa wakati ule. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1870 mume akafariki, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi.

Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886, hazikuanza kama kitabu cha kuuzwa. Mwenyewe anaeleza kuwa aliziandika kwanza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua alikotoka. Ndani yake anaeleza chakula cha kasri: jinsi sinia zilivyopangwa, nani anakaa karibu na baba, wali wa namna ngapi, nani ananawa kwanza. Anaeleza kwa urefu kama mtu anayeogopa kusahaulika kwa jambo ambalo watoto wake hawakupata kuliona. Katika kuhamahama kwake aliwahi kuishi Dresden. Mji huo nami naujua, na nitaufikia sasa hivi.

Daftari la skuli na barua ya ndege

Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1927. Wazazi wengi walikuwa na wasiwasi kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi, na mojawapo ya mambo yaliyowatuliza ni kuona upishi na ushoni vimo katika masomo. Mama yangu alipita katika madarasa ya namna hiyo miaka ya mwanzo ya 1950, na daftari lake la upishi ninalo mpaka leo. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Ndani ya daftari hilo mna nini? Mna keki ya sponji, unga wakia 8 na siagi wakia 8. Mna skonzi. Mna kastadi. Hamna pilau, hamna mchuzi wa pweza, hamna mkate wa kumimina, hamna hata chapati. Kwa miaka mingi jambo hilo lilinishangaza, halafu nikalielewa. Mama aliandika cha ugenini kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza nyumbani. Cha kwao kilikuwa jikoni, kinapikwa kila siku, na nani angeandika kitu ambacho hata mtoto wa jirani anakijua? Ndivyo ilivyotokea kwamba familia nyingi zetu zina karatasi ya kastadi na hazina karatasi ya pilau.

Mimi ndiye niliyemlazimisha kuandika. Mwaka 1988 nilipelekwa kusoma uhandisi Dresden, iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokuwa imetujengea zile nyumba za Kikwajuni. Nilikuwa na miaka ishirini na sikujua kuchemsha hata yai. Baada ya miezi mitatu ya viazi nikamwandikia mama anieleze namna ya kupika pilau.

Jibu lilikuja ndani ya barua ya ndege, ile karatasi moja ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Walioishi zama hizo wanaikumbuka: huruhusiwi kutia kitu ndani wala kuongeza karatasi ya pili. Mama alianza na salamu za ndugu, jamaa na majirani, mmoja mmoja, na salamu hizo zikala nusu ya barua. Pilau likaanza katikati. Lilipofika kwenye kutia mchele, nafasi ikamwishia, akageuza karatasi na kuendelea kuandika pembezoni, akizunguka barua nzima kama mtu anayeshona pindo. Mwisho wake ulikuwa kwenye ukingo wa gundi, na nilipoifungua bahasha kwa pupa niliupasua. Niliweza kusoma: "maji kiasi, chumvi ya kutosha, mchele ukishakauka pa..." Basi. Kwa mwaka mzima nilikula pilau bila kupalia.

Kwa hiyo yaliyompata mpwa wangu Ohio si mageni katika ukoo wetu. Karatasi ilishawahi kutukatia chakula.

Karatasi inayokunjika bila kubadilika

Nyumbani tulizoea fulskepu. Kila aliyefanya mtihani Afrika Mashariki analijua neno hilo, na bado linasikika hata pale inapouzwa karatasi ya saizi nyingine. Asili yake ni chapa ya maji ya kofia ya mchekeshaji wa kasri, iliyotiwa katika karatasi za Ulaya tangu karne ya 15. Fulskepu ya Kiingereza tuliyoijua ilikuwa inchi 8 kwa 13, ndefu kama kanzu. Kila nchi ilikuwa na saizi zake, na kila kiwanda na majina yake. Mji wa Bologna, Italia, ulijaribu kuleta nidhamu mwaka 1389 kwa kuchonga saizi nne za karatasi juu ya jiwe, ili mnunuzi akapime mwenyewe.

Dresden tulichora kwa karatasi za mfumo mwingine. Siku ya kwanza ya darasa la uchoraji, mwalimu alichukua karatasi moja, akaikunja katikati, akatuonesha nusu yake, akaikunja tena, na tena. Kila mara karatasi ilipungua, lakini umbo lake lilibaki lilelile, kama mtoto anayefanana na baba, na mjukuu anayefanana na wote wawili. Siri yake ni hesabu moja: upande mrefu ukiugawa kwa upande mfupi upate 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Hakuna uwiano mwingine wenye tabia hiyo.

Wa kwanza tunayemjua kuiandika fikra hii ni mwanafizikia Georg Christoph Lichtenberg, katika barua aliyomwandikia Johann Beckmann tarehe 25 Oktoba 1786. Mwaka 1798 Wafaransa waliitumia katika sheria yao ya ushuru wa stempu, kisha ikasahaulika. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Wilhelm Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alipendekeza karatasi za dunia nzima kwa uwiano huo, na Walter Porstmann, aliyewahi kuwa msaidizi wake, akaukamilisha mfumo. Ujerumani iliutangaza kuwa kipimo rasmi mwaka 1922, kwa jina la DIN 476. Karatasi kubwa, A0, ina eneo la mita moja ya mraba kamili. Ikunje mara nne upate A4, milimita 210 kwa 297. Mwaka 1975 mfumo huo ukawa kipimo cha kimataifa, ISO 216, na leo karibu dunia nzima inaufuata.

Nasema karibu, kwa sababu Marekani na Kanada hazimo. Huko wanatumia karatasi waiitayo Letter, inchi 8½ kwa 11. Mwaka 1921 serikali ya Marekani ilijichagulia inchi 8 kwa 10½ kwa barua zake, ilhali wafanyabiashara wakishika 8½ kwa 11, na wakaenda hivyo kwa miaka sitini mpaka serikali ilipowafuata wafanyabiashara katika miaka ya 1980. Ukiibadili Letter kuwa milimita unapata 216 kwa 279. Ni pana kuliko A4 kwa milimita 6, na fupi kwa milimita 18.

Wekeni hizo 18 akilini.

Mkono wa mama juu ya mizani

Mwaka 2009 mama alikuja Uingereza kutibiwa macho, akakaa kwetu miezi minne. Hapo ndipo nilipoamua kuyaandika mapishi yake yote kabla sijachelewa. Nilinunua mizani ya jikoni. Kwanza niliihakikisha kwa njia ya kihandisi: karatasi ya kawaida ya A4 ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo kila karatasi ni gramu 5. Nikaweka karatasi 20, mizani ikasoma 100. Mama akanitazama kama mtu aliyerogwa.

Kisha nikaweka bakuli juu ya mizani, na kila alipochota kitu kwa mkono nikamwomba akitie bakulini kwanza. Konzi ya mchele ilikuwa gramu 71. Nikamwomba achote tena: 69. Tena: 72. Mkono ule haukuwa na kipimo chochote kilichoandikwa, na ulikuwa haukosei kwa zaidi ya asilimia tatu. Nimefanya kazi na mashine zilizonunuliwa kwa fedha nyingi ambazo zilikuwa na utovu wa adabu kuliko huo.

"Kwani we unapima mchele au unanipima mie?" akauliza.

Nikamwambia napima vyote viwili.

Penye ugumu palikuwa kwenye nazi. Mama, tui la nazi ngapi? "Inategemea nazi." Nazi ya ukubwa gani? "Nazi tu, lakini isiwe koroma." Hapa tunanunua tui la kopo. Akalionja, akakunja uso, akasema hili halina kosa, ila halina nazi. Tulilipunguza na maji kidogo kidogo mpaka aliporidhika, na nikaandika mililita. Moto nao ulinitesa. Hakuna namba ya oveni inayolingana na "moto wa makaa uliokwisha kuchoka". Nilijaribu nyuzi mbalimbali kwa mkate wa kumimina, na mama akawa anasogeza kiti mbele ya kioo cha oveni na kukaa kama anaangalia televisheni, mpaka aseme, "Sasa." Nikaandika saa na nyuzi.

Kwa njia hiyo tulikusanya mapishi 43. Kila moja niliandika vipimo vya aina mbili: gramu na mililita kwa watoto wetu, na mkono, konzi na kikombe kwa kauli ya mama. Nilihisi kwamba nikibakisha gramu peke yake nitakuwa nimehifadhi chakula nikampoteza mpishi.

Zile milimita 18

Kijitabu nilikipanga baada ya mama kufariki, na ninakiri kuwa nilikipanga kwa majonzi na kwa haraka. Nilitaka kila pishi liwe ukurasa mmoja, lisivuke, ili mpishi asigeuze karatasi kwa mikono yenye unga. Hilo ni wazo zuri. Lakini mkate wa kumimina una maelezo mengi, haukutaka kuenea. Nikapunguza ukubwa wa herufi, haikutosha. Nikala pambizo: juu nikaacha milimita 10, chini milimita 10. Ukaenea barabara kwenye A4. Nikatazama kioo cha kompyuta nikajisifu.

Mpwa wangu akauchapisha Ohio, na printa yake ikaachiwa ichapishe kwa ukubwa wa asili. Karatasi yake ilikuwa fupi kwa milimita 18. Milimita 10 za pambizo langu zilikwenda kwanza, halafu zikafuata milimita 8 za maandishi, na zaidi kidogo, maana printa nyingi haziwezi kutia wino mpaka ukingoni kabisa. Mistari yangu ilikuwa na milimita 5 kila mmoja. Fanyeni hesabu wenyewe: ni mistari miwili, na mistari yenyewe ndiyo moto wa juu.

Ninachojilaumu nacho si kutoijua tofauti ya karatasi. Naijua tangu nikiwa na miaka ishirini. Nilisahau kitu ambacho al-Warraq, Sayyida Salme na yule Bi Beeton walikijua: kwamba anayeandikiwa yuko mahali pengine, na karatasi yake si yangu, na moto wake si wangu. Mimi nilipanga ukurasa ule kama ninayemwandikia mtu aliyekaa kwenye meza yangu. Na vibaya zaidi, zamani mtoto akikwama angempigia bibi simu. Sasa bibi ni karatasi hiyo.

Kwa wanaotaka kuchapisha

Nimekipanga upya kijitabu, na kwa kuwa najua wengi wenu mna barua, kaseti na madaftari yanayongoja, nawapa nilichojifunza.

Chukueni upana mdogo kati ya karatasi mbili, ambao ni 210 wa A4, na urefu mdogo, ambao ni 279 wa Letter. Yote mtakayoandika yaenee humo. Acheni milimita 20 juu na 20 kushoto, na maandishi yasizidi upana wa milimita 170 na urefu wa milimita 239. Hapo ukurasa huohuo ukichapishwa Muscat au London utakuwa na nafasi ya milimita 38 chini, na ukichapishwa Toronto au Ohio utakuwa na 20, na hakuna neno litakalopotea popote.

Pishi lisipoenea ukurasa mmoja, lipeni kurasa mbili zinazotazamana. Msipunguze herufi, atakayesoma atakuwa amesimama, na karatasi iko mbali na macho. Orodha ya vitu iwe juu, na hatua zipewe namba, ili mtu akijua hatua zilikuwa tisa na anaona saba, ashituke. Laiti ningetia namba, mpwa wangu angejua tangu siku ya kwanza kuwa karatasi yake imekatwa. Chini ya kila ukurasa andikeni neno "Mwisho". Makarani wa zamani walifanya hivyo kwa sababu.

Mkitaka kijitabu kidogo, A4 ikikunjwa inakuwa A5 na umbo halibadiliki, kwa hiyo ukurasa uliopangwa vizuri unapungua bila kuharibika. Letter ikikunjwa inabadilika umbo, inakuwa nyembamba zaidi, na maandishi hayakai sawa. Kwa jamaa wa Marekani wapelekeeni ukurasa mzima.

Na vipimo vya wazee msivifute. Andikeni gramu, kisha mwandike "konzi ya mama" pembeni yake.

Pambizo

Nilimpelekea mpwa wangu ukurasa uliorekebishwa. Wiki mbili baadaye akanitumia kwa posta mkate wenyewe, ambao ulifika mkavu kama tofali, na ndani ya kifurushi akatia nakala ya karatasi aliyoipikia. Ilikuwa na madoa ya tui na alama ya kidole chenye iliki. Katika ile nafasi nyeupe ya chini, zile milimita 20, alikuwa ameandika kwa kalamu: "Tui la kopo la huku ni zito. Punguza robo. Nyuzi za oveni yangu toa kumi. Bibi angesema sasa dakika ya 17."

Nimeyaingiza maneno yake kwenye kijitabu, na nimemwandika kwa jina lake chini ya jina la mama. Ukurasa wa mkate wa kumimina sasa una mikono mitatu: ya mama, yangu na ya mtoto aliyezaliwa ng'ambo ambaye hakuwahi kuliona jiko la makaa. Bado kuna nafasi ya mistari minne hivi.

Mwenye mama, shangazi au bibi aliye hai, na amtembelee na mizani. Mwenye barua za zamani azifungue polepole, hasa kwenye ukingo wa gundi.

Wasalaam.